Je, wajua jina Kimberley lilitoka wapi?

Ukisikia binti anaitwa Kimberley, huenda ukawaza mji wa almasi wa Afrika Kusini. Hukosei, jina hilo lilipitia huko. Ila halikuzaliwa huko.

Chimbuko lake ni kijiji kiitwacho Kimberley katika jimbo la Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Kwenye daftari la ardhi la mwaka 1086, maarufu kama Domesday, kimeandikwa Chineburlai. Ligawe neno hilo mara mbili. Sehemu ya mwisho ni leah, Kiingereza cha kale cha mahali palipo wazi katikati ya msitu. Ndiyo ile -ley unayoiona kwenye Stanley, uwazi wenye mawe. Sehemu ya kwanza ni mtu: Cyneburg, jina la mwanamke, cyne ikiwa ya kifalme na burg ikiwa ngome. Basi Kimberley ni "kwa Cyneburg", vile vile Dar es Salaam wanavyosema Mtoni kwa Aziz Ali. Mimi hunigusa sana kuona kwamba katika zama zile mahali paliitwa kwa jina la mwanamke, na jina likadumu.

Mwaka 1866 John Wodehouse, ambaye ukoo wake ulikuwa na makao pale, alipewa cheo cha kilodi, Earl wa Kimberley. Miaka minne baadaye akawa waziri wa makoloni. Akiwa bado waziri, wachimbaji walifurika kwenye kilima kimoja cha Afrika Kusini baada ya almasi kuonekana mwaka 1871, na kambi yao ikaitwa New Rush. Mwaka 1873 ikabatizwa upya kwa cheo cha waziri huyo. Kilima chenyewe hakipo tena: walikichimba kwa sururu na koleo hadi likabaki shimo la kutisha. Hata mwamba unaobeba almasi ukaitwa kimbalaiti.

Jina likawafikiaje watoto? Kwa vita. Makaburu waliuzingira mji huo kwa siku 124, kuanzia Oktoba 1899 hadi Februari 1900, na Uingereza nzima ikawa inafuatilia habari zake. Watoto waliozaliwa siku zile wakaanza kuitwa Kimberley, na walikuwa wavulana.

Wasichana walikuja baadaye, hasa Marekani, ambako kufikia miaka ya 1960 Kimberly, bila ile e ya pili, lilikuwa miongoni mwa majina ya kike yaliyopendwa mno. Cyneburg akapata wajina wengi wasiomjua.