Samaki ana masikio, na jiwe lake linataja jina

Tangu utotoni hapa Unguja tunaambiwa samaki hana masikio, na vile vijiwe vyeupe tunavyoving'ata kichwani mwa changu ni changarawe alizomeza. Si kweli. Changarawe ingekwenda tumboni. Vijiwe hivi hukaa nyuma ya ubongo, kulia na kushoto, ndani ya sikio lisilo na tundu la nje. Jozi ni tatu, moja huwa kubwa zaidi. Kwa vijiwe hivyo samaki husikia, na hujua yuko wima au amelala upande.

Ukibahatika kukipata kizima, kioshe ukitazame juani: upande mmoja una mfereji mwembamba. Umbo la mfereji huo na la ukingo wake hutofautiana baina ya aina na aina. Hapo ndipo wataalamu wanapowatambua hata mikunga waliotoweka zamani. (Mkunga naye ni samaki, si nyoka, ana mapezi na matamvua.) Mifupa yake ni myembamba, huvunjika na kutawanyika, lakini kijiwe ni chokaa ngumu, hubaki kwenye tope hadi likawa mwamba. Katika miamba ya Uingereza ya zaidi ya miaka milioni 34 iliyopita, vijiwe vya mikunga ni vingi. Mtaalamu huchekecha udongo, huviweka chini ya hadubini na kuvilinganisha na vya mikunga walio hai. Ziko aina ambazo hazikuacha kitu kingine chochote, na ninaona ajabu kubwa kwamba zimepewa majina kwa kijiwe tu.