Umeumia kazini Kenya? Usianzie kortini

Mtu akinaswa mkono na mashine, kabla hata bandeji haijafungwa vizuri kuna atakayemnong'oneza: "Tafuta wakili, umpeleke mwajiri kortini." Ushauri huo ulikuwa na maana zamani. Leo unaweza kukukosesha fidia yote.

"Nitamshtaki mwajiri kwa hakimu, nilipwe vizuri."

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile inayojulikana kama WIBA, inasema katika kifungu cha 16 kwamba mfanyakazi hawezi kufungua kesi ya kudai fidia ya ajali ya kazini dhidi ya mwajiri wake. Dai linapitia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ambaye ni afisa wa serikali. Chama cha Mawakili kiliipinga sheria hii, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu kadhaa, hiki kikiwemo. (Mawakili walikuwa na lao pia, kesi hizi zilikuwa riziki.) Mahakama ya Rufaa ikavirejesha vingi vya vifungu hivyo mwaka 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo. Kesi zilizokuwa kortini kabla ya sheria hii kuanza ziliachwa ziendelee kwa utaratibu wa zamani.

Miaka hiyo kumi ya mvutano ndiyo iliyowachanganya watu. Ukifungua kesi mpya kwa hakimu leo, wakili wa mwajiri ataleta pingamizi kwamba korti haina mamlaka. Kufikia siku inapotupwa, huenda miezi 12 uliyopewa kuwasilisha dai imekwisha.

"Ajali ilikuwa kosa langu, kwa hiyo sina changu."

Hili ndilo linalonikera zaidi, maana wasimamizi hulitumia kuwanyamazisha watu. Katika kesi za zamani za uzembe ulilazimika kuthibitisha kosa la mwajiri. Chini ya WIBA huhitaji. Kinachoweza kukunyima fidia ni utovu wa nidhamu wa makusudi, si kuteleza wala kusahau, na hata huo haukunyimi kitu ikiwa ajali imeleta ulemavu mkubwa au kifo. Kama ulemavu huo mkubwa, au kifo, umetokana na jambo ulilolifanya kwa faida ya shughuli za mwajiri, linahesabiwa kuwa la kazini hata kama ulikiuka maagizo yake.

"Sina mkataba wa maandishi."

Mkataba wa mdomo ni mkataba. Tafuta wenzako mliokuwa nao zamu na ujumbe wa malipo kwenye simu.

"Mkurugenzi akishaamua, imekwisha."

Haijaisha. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mshahara wa miezi 96, na ulemavu wa sehemu hulipwa kwa asilimia yake. Anayepata shilingi 20,000 kwa mwezi akipimwa asilimia 10 hupata 192,000; akipimwa 20, mara mbili ya hizo. Ndiyo maana ugomvi mwingi unahusu asilimia ya daktari. Usiporidhika, una siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi mwenyewe. Naye ana siku 14 za kujibu, kisha una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hapo ndipo korti inapoingia, na hapo wakili ana kazi ya maana.

"Mwajiri hana bima, nitalipwa na nani?"

Na yeye mwenyewe. Kukosa bima ni kosa lake, na deni ni lake.

"Tuzo ya fidia ya Mkurugenzi ikitoka, pesa zinakuja."

Laiti ingekuwa hivyo. Sheria inampa mwajiri au kampuni ya bima siku 90 za kulipa dai, lakini haielezi waziwazi mfanyakazi afanye nini wakikaa kimya. Majaji wa Mahakama ya Ajira wameziba pengo hilo kwa kuzipokea tuzo za Mkurugenzi na kuzifanya hukumu zinazoweza kutekelezwa. Kwa hiyo weka nakala ya kila fomu na kila barua, hasa iliyogongwa muhuri wa ofisi ya leba, kwa sababu ndizo utakazoingia nazo kortini.