Intafoni Iliyonyamaza Katika Nyumba za Ghorofa: Dhana Potofu na Ukweli

Katika majengo ya ghorofa ya Ibanda, mjini Bukavu, intafoni ya ukutani, yaani simu ya kuzungumza na mgeni aliye kwenye mlango wa chini, ikinyamaza, wapangaji wengi hukimbilia kununua nyingine kabla ya kujua jengo lao lina mfumo gani na hitilafu imekaa wapi. Fedha hupotea bure, na mara nyingine majirani wote hukosa mawasiliano na mlango wa chini kwa kosa la mtu mmoja aliyelegeza skrubu asizozielewa.

Dhana: Intafoni isiyotoa sauti ndiyo iliyoharibika.

Si lazima. Intafoni ya ndani ni sehemu moja tu ya mfumo wenye paneli ya vitufe mlangoni, kifaa kinachopunguza umeme wa volti 220, kitasa cha umeme, na nyaya zinazopanda kutoka ghorofa hadi ghorofa. Waulizwe majirani kwanza: ikiwa apartimenti zote ziko kimya, kosa litafutwe kwenye chanzo cha umeme au kwenye paneli, na kununua intafoni mpya hakutasaidia chochote. Ikiwa ni moja tu iliyonyamaza, ukaguliwe waya wa msokoto wa mkono wa kuzungumzia, kwa maana huo hukatika ndani huku nje ukionekana mzima, kisha ikaguliwe swichi ya kitundikio, ambayo ikikwama huiacha intafoni kana kwamba mkono wake umeinuliwa wakati wote.

Dhana: Intafoni yoyote itafaa, ilimradi idadi ya nyaya ni ileile.

Dhana hii ndiyo inayowagharimu watu zaidi. Mifumo mingi ya zamani hutumia nyaya 4 za pamoja kwa jengo zima, na waya 1 wa mwito kwa kila apartimenti. Hata miongoni mwa mifumo hiyo, mwito haufanani: kuna intafoni zinazosubiri umeme wa mkondo geu utikise kengele yake, na kuna zinazopokea mlio uliokwisha kutengenezwa na paneli, hivyo anayefunga moja mahali pa nyingine huweza kuzungumza na mgeni vizuri lakini asisikie kamwe anapoitwa.

Mifumo ya kidijitali hupitisha umeme, sauti na amri katika nyaya 2 tu, na kila intafoni hupewa namba yake, mara nyingi kwa swichi ndogo zilizo ndani au nyuma yake. Watengenezaji kama Urmet, Comelit, Fermax na BTicino wana kanuni zao za mawasiliano, na kwa kawaida intafoni ya kidijitali ya mmoja haielewani na paneli ya mwingine. Zile zinazouzwa kwa jina la intafoni za mifumo yote huwa zimekusudiwa mifumo ya zamani. Kwa hiyo anayekwenda kutafuta katika masoko ya Nyawera au Kadutu abebe picha ya jina na namba ya modeli, na ikiwezekana intafoni yenyewe.

Simu ya kawaida ya mezani haifai kabisa, maana imeundwa kwa njia ya simu yenye volti 48.

Dhana: Rangi ya waya hueleza kazi yake.

Si kweli. Fundi aliyezitandaza nyaya alitumia kebo aliyokuwa nayo siku hiyo. Kinachohesabika ni namba au herufi iliyoandikwa kando ya kila skrubu. Ipigwe picha, na kila waya ufungwe kikaratasi chenye alama yake kabla ya kufunguliwa.

Dhana: Nyaya hizi hazina nguvu, basi hakuna haja ya kuzima umeme.

Ni kweli kwamba nyaya zinazofika kwenye intafoni kwa kawaida hubeba volti chache. Hata hivyo, zikigusana zinaweza kuunguza chanzo cha umeme au, katika mfumo wa nyaya 2, kunyamazisha jengo zima. Msimamizi wa jengo na zamu, yaani mlinzi wa mlango, waarifiwe, kisha umeme wa mfumo uzimwe.

Dhana: Radi haidhuru kifaa kilicho ndani ya nyumba.

Hapa kwetu jambo hili halipaswi kudharauliwa. Uchambuzi wa data za satelaiti ya TRMM uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, jirani yetu, kuwa ya kwanza barani Afrika kwa wingi wa radi, takriban miale 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Si lazima radi ipige jengo lenyewe, kwani nyaya ndefu huweza kubeba msukumo wa umeme uliozuka mbali. Bila kinga ya msukumo kwenye chanzo cha umeme, intafoni mpya inaweza kuharibika kama ile ya zamani.

Dhana: Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika, kitasa hujifungua chenyewe.

Vitasa vingi vya aina hii huhitaji umeme ili vifunguke, kwa hiyo mlango hubaki umefungwa kwa aliye nje, na zamu anapaswa kuwa na ufunguo wa kawaida mkononi.