Joto la nani? Ioni na elektroni ndani ya plazma

Wanafunzi wanaotutembelea idarani hapa Mombasa huuliza swali moja: plazma ya kuunganisha viini vya atomu ina joto la digrii ngapi? Nami huwauliza kwanza: joto la nani? Plazma ni mchanganyiko wa ioni, yaani atomu zilizopoteza elektroni, na elektroni hizo zenyewe. Makundi hayo yamo chombo kimoja, yanagongana bila kukoma, na bado kila moja linaweza kuwa na joto lake.

Chukua gololi ya gramu 5 hivi, uivurumishe kwenye mtungi wa maji wa lita 20 uliopakiwa mkokotenini. Gololi inaruka nyuma na karibu mwendo wake wote. Mtungi hata hautikisiki. Uwiano huo ndio wa elektroni na ioni ya deuteri, yaani haidrojeni nzito: ioni ina uzito wa elektroni mara 3,670 hivi. Hata zikigongana uso kwa uso, elektroni humwachia mwenzake takriban sehemu moja katika elfu ya nishati yake. Mwanafizikia wa Kisovieti Lev Landau alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1936.

Kwa hiyo kupeana joto kunakwenda polepole mno. Katika plazma ya digrii milioni 100 hivi, yenye msongamano wa vinu vikubwa vya kuunganisha viini, joto la pande mbili hukaribiana baada ya karibu nusu sekunde. Msidharau nusu sekunde. Elektroni ya joto hilo huwa imeshakata zaidi ya kilomita 20,000. Na kadiri elektroni zinavyozidi kuchemka ndivyo zinavyozidi kuwa bahili: joto lao likipanda mara nne, muda huo hurefuka mara nane. Plazma ikisongamana zaidi, muda hupungua.

Ubahili huo una gharama. Wanaoungana ni viini, yaani ioni, na joto lao ndilo linaloamua kama moto utawaka. Lakini deuteri na tritiamu, haidrojeni nzito zaidi, zikiungana, nyutroni huondoka na asilimia 80 ya nishati, na kiini cha heliamu hubaki na 20. Heliamu hiyo inakimbia mno hivi kwamba mwanzoni huzipasha elektroni zaidi. Ikishapungua kasi ndipo ioni hupata fungu kubwa. Elektroni nazo huvujisha nishati kwa mnururisho. Basi ni mbio: joto liwafikie ioni kabla halijapotea. Mimi naona hapa ndipo penye kazi ngumu ya kinu kama ITER, kinachojengwa kusini mwa Ufaransa.

Ndiyo maana joto hupimwa mara mbili. La elektroni hupimwa kwa leza, kama walivyofanya wanasayansi wa Uingereza waliokwenda Moscow kupima T-3, tokamaki, yaani mtambo wa umbo la pete unaoizuia plazma kwa sumaku, matokeo yakachapishwa mwaka 1969. La ioni husomwa katika mwanga wa atomu zilizomo: joto likizidi, mistari ya rangi zake hupanuka.

Na ule mtungi wetu? Maji yake yana zaidi ya nusu gramu ya deuteri.