Soseji ya kahawia inadanganya: namna ya kumjua chotara wa kinamasini

Kuna mmea wa kinamasini wengi mmeshauona, ule wenye kitu kama soseji ya kahawia juu ya kijiti, majani marefu yamesimama kama mapanga. Jina la kisayansi ni Typha. Huku ninakofanyia kazi, pembeni mwa Maziwa Makuu (ya Kanada na Marekani jamani, siyo Victoria na Tanganyika), zipo mbili, Typha latifolia ya majani mapana na Typha angustifolia ya majani membamba, zikikutana zinazaa chotara, Typha × glauca, na huyo ndo anayenipasua kichwa, anatambaa chini ya tope, anajaza eneo zima, majani yake makavu yanalundikana mpaka mimea mingine inakosa mwanga.

Vitabuni utaambiwa angalia soseji. Soseji ni maua ya kike, ya kiume yanakaa juu yake, kwa mapana yamegusana, kwa membamba kuna kijiti kitupu katikati, na chotara eti yuko kati kwa kati. Haya, unafika pale unakuta mashina kibao hayajatoa ua kabisa, au maua ya kiume yashapukutika. Mi siku hizi sibishani na mtu kinamasini, nakata kipande cha jani natia kwenye mfuko wa silika, zile punje za kwenye vipakiti vya boksi la viatu, jani linakauka haraka kabla DNA haijaoza.

Maabara natafuta maikrosatelaiti, yaani sehemu za DNA zinazorudia herufi zilezile, CACACACA, kama CD iliyokwama. Spishi moja inarudia mara chache, nyingine mara nyingi, kwa hiyo urefu unatofautiana na mashine inaupima. Kila mmea una nakala mbili, ya mama na ya baba, na chotara wa kwanza kila alama unayopima (ndo hizo sehemu zinazojirudia) ana fupi moja na ndefu moja. Huyo hakusumbui.

Kazi ni pale chotara anapozaa na upande mmoja wa wazazi (zamani walidhaniwa tasa, kumbe wanazaa). Kila alama inakuwa kama kurusha shilingi, ukipima moja tu, nusu ya watoto hao utawaita safi. Ukipima 6 zisizofungamana (yaani kila moja inarithiwa kivyake), anakuponyoka 1 kati ya 64, tamu eh? Sasa akizaa tena na upande uleule, kwa alama 6 zilezile wanakuponyoka kama 18 kati ya 100. Ndo maana mtu akiniambia "hizi safi" namuuliza alama ngapi, afu namuuliza alizijaribu kwanza kwa mimea ya wapi, manake kama hiyo nayo ilishachanganyika basi anapima kwa rula iliyopinda.

Na mama ni nani? DNA ya kloroplasti ya Typha (vile vijumba vya kijani ndani ya seli za jani) inatoka kwa mama peke yake, na chotara wengi waliopimwa mama yao ni yule wa majani membamba.

Msimu wangu wa kwanza nilichuma majani 20, hatua moja moja, nikarudi najisifu. Majibu yalipotoka 14 yalifanana alama zote, mmea mmoja uliotambaa, nimeupima mara 14, na kemikali zenyewe bei yake we acha tu. Sasa naacha mita 10 kati ya jani na jani na bado nakutana na mapacha.