Je, Wajua? Kwa Nini Mwenye Jengo Anaweza Kukunyamazisha na Serikali Isiweze

Mtu akifungiwa akaunti kwenye mtandao wa kijamii, au akitolewa nje ya jumba la maduka kwa kugawa vikaratasi, hulalamika kwamba uhuru wake wa kusema umevunjwa. Kisheria, mara nyingi haujavunjwa.

Tazama Marekani, ambako wamelibishania jambo hili mahakamani kwa miongo mingi. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanaikataza serikali kuziba watu midomo. Mwenye duka hatajwi. Tena naye ana haki zake: kuamua nani aingie kwake, na kutolazimishwa kubeba maneno ya mwingine.

Je, mwenye mali akimiliki mji mzima? Chickasaw, huko Alabama, ulikuwa mji wa kampuni ya kuunda meli. Nyumba, barabara na maduka, vyote vyake. Mwanamke mmoja wa Mashahidi wa Yehova alisimama kando ya njia karibu na posta akigawa machapisho ya dini. Akaambiwa aondoke, akakataa, akakamatwa. Mwaka 1946, katika kesi ya Marsh dhidi ya Alabama, Mahakama ya Juu ilimpa haki. Kadiri mmiliki anavyoifungua mali yake kwa umma kwa faida yake, majaji walisema, ndivyo haki zake zinavyobanwa na haki za wanaoitumia. Kwangu mimi, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote katika mjadala huu.

Haikudumu kwa upana wake. Mwaka 1968 mahakama hiyo iliipeleka hadi kwenye majumba ya maduka, lakini kufikia 1976 ilikuwa imeirudisha nyuma. Kisha mwaka 1980, katika kesi ya PruneYard, jumba la maduka huko California, ikakubali kwamba jimbo linaweza kutoa uhuru mpana zaidi kwa katiba yake. Ndiyo maana wanafunzi wa California waliruhusiwa kukusanya saini ndani ya jumba la maduka, jambo ambalo katika majimbo mengi lingekatazwa. Wakazi wa mji mmoja wa Uingereza walijaribu vivyo hivyo wakashindwa mwaka 2003 mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu: walikuwa na njia nyingine, kama kupita nyumba kwa nyumba.

Na mitandaoni? Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikataa kuifananisha YouTube na Chickasaw: kuwakaribisha watu wote hakuifanyi kampuni kuwa serikali. Ila mambo hubadilika pale mwenye ukurasa anapokuwa serikali yenyewe. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba afisa mwenye mamlaka ya kuisemea serikali, akiyatumia mamlaka hayo kwenye ukurasa wake, anaweza kuvunja katiba kwa kumzuia raia asichangie.

Umoja wa Ulaya umeshika njia ya tatu, nami naiona ya haki zaidi. Sheria yake ya Huduma za Kidijitali ya mwaka 2022 haimnyang'anyi mwenye mtandao uwezo wa kufuta. Inamdai amweleze aliyefutiwa sababu, na kwa mitandao isiyo ya kampuni ndogo, ampe mahali pa kupeleka malalamiko yake, yasiamuliwe na mashine peke yake.