Mzigo wa tanki maana yake nini? (kwa wanaofuga viumbe wa bahari kwenye tanki dogo)

Mtu akianza tanki dogo la maji ya chumvi swali lake la kwanza ni tanki linaingia samaki wangapi, ila cha kuangalia ni mzigo. Mzigo wa tanki ni uchafu wote wanaotoa viumbe wako, yani kinyesi, mkojo na msosi uliobaki ukaoza, ukilinganishwa na uwezo wa tanki kuusafisha. Uchafu unatoa amonia ambayo ni sumu, bakteria wanaigeuza nitriti, nayo sumu, halafu nitrati ambayo unaipunguza kwa kubadilisha maji. Hao bakteria wanajijenga kwenye mawe na mchanga kwa kama wiki 4 mpaka 6, kwahiyo usiweke kiumbe siku ya kwanza, tafadhali.

Sasa tanki dogo la lita 20 ni ndoo moja tu ile ya kuchotea maji. Samaki hata awe wa urefu wa kidole, humo ni mzigo mkubwa maana analishwa kila siku. Mi naona bora konokono wawili watatu wa kula ukijani wa kwenye kioo, na kaa mmoja wa wale wanaoishi ndani ya ganda la konokono, ila huyo muwekee maganda matupu ya ziada yaliyomzidi kidogo, akikosa atamuua konokono wako achukue lake. Halafu kamba wadogo. Kuna Thor amboinensis, ana kama sentimita 2, anatembea mkia kaupandisha juu anautikisa utadhani yuko kwenye kigodoro, unaweza kukaa mbele ya kioo nusu saa nzima. Siku ukikuta kamba mweupe kalala chini hatikisiki usilie kwanza, mara nyingi ni gamba lake kajivua, mwenyewe kajificha kwenye jiwe mpaka mwili ukaze.

Kiti cha pweza, yani ile nyota ya bahari, achana nacho, kwenye tanki dogo kinakufa njaa taratibu. Jongoo bahari naye akifa anaweza kutoa sumu akamaliza wote. Na konokono mwenye ganda la umbo la koni usimshike kabisa, wengine sumu yao inaua mtu. Na ukienda kuokota viumbe baharini, visiwa vya Mbudya na Bongoyo hapa Dar ni hifadhi tangu 1975, huko usiokote kitu.

Kingine ni joto letu la Dar. Tanki langu liko sebuleni, feni inazunguka mchana kutwa, maji yanapungua ila chumvi haipungui. Lita 20 zenye gramu 35 kwa lita zina gramu 700 za chumvi, zikikauka lita 2 unabaki na karibu gramu 39 kwa lita, na konokono na kamba hawavumilii mabadiliko hayo ya ghafla. Nimechora mstari wa maka pen kwenye kioo, kila asubuhi najazia mpaka hapo kwa maji yasiyo na chumvi wala klorini.